Dada Yangu na Neno Nakuja

Dada yangu aliondoka nyumbani kwangu kwa sababu ya neno moja. Watu wengine hugombana na ndugu zao kwa mashamba, kwa mirathi, kwa waume. Sisi tuligombana kwa neno lenye silabi tatu ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Kama mtu angeniambia mapema kwamba silabi tatu zinaweza kumtoa mwanamke mtu mzima Pangani na kumrudisha Kisarawe na furushi kichwani, ningecheka mpaka majirani waje kuuliza kuna nini.

Kwanza niseme nakaa wapi, maana hilo lenyewe ni kero. Nakaa Pangani. Siyo ile ya Tanga. Ni Pangani hii ya Kibaha, unaingilia ndani kutoka barabara kubwa, yenye nyumba na mashamba yamechanganyikana mpaka hujui kama mbuzi amepotea au yupo kwao. Kila nikitaja ninapokaa, mtu huinua nyusi: "Kumbe kila siku unatoka Tanga kuja kazini?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyopigiwa simu na wanangu. Zamani nilikuwa na nguvu ya kueleza. Siku hizi nasema, "Ndiyo, natoka Tanga, naogelea." Wapo waliosadiki.

Kazi yangu ni karani wa masjala katika ofisi moja ya umma. Natunza mafaili. Kazi hiyo niliipata ukubwani, baada ya kumaliza kidato cha nne kwenye masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na tisa, nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti yamegusa kidevu. Hesabu nilifeli kwa heshima zote. Lakini Kiswahili nilipata alama ya juu kabisa, na tangu siku ile sijampa mtu amani. Pale Maili Moja kuna kibanda kilikuwa kimeandika "vinjwaji baridi". Nikamfuata mwenyewe nikamweleza taratibu, akanishukuru sana, akafuta, na juma lililofuata nikakuta "vinyuaji baridi". Nilipita pale kwa miezi mitatu nikiwa nimegeuzia uso upande wa pili, kama mtu anayemkwepa mchumba wa zamani.

Ubaya wa masjala ni kwamba unashinda na vitu ambavyo kila kimoja kina mahali pake. Ukirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, miguu imejaa kama mihogo, kitu unachokitaka duniani ni kukuta vitu pale ulipoviacha. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na wanangu wawili wana maisha yao, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilivikuta. Kikombe nilichokiacha mezani asubuhi, jioni nakikuta kimekaa vilevile kinanitazama. Sikujua kwamba hilo nalo linachosha.

Ndipo akaja dada.

Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye wa tumbo moja. Amenizidi miaka kumi na miwili, kwa hiyo ni dada mpaka kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda juu ni mama. Alikuwa akiishi peke yake huko kwetu Kisarawe, ndani kidogo kutoka mjini, mpaka asubuhi moja akaanguka shambani katikati ya mihogo. Alikaa pale chini mpaka jua likawa kali, ndipo mpita njia mwenye baiskeli akaiona kanga yake. Daktari alisema ni presha. Akasema vidonge kila siku bila kuruka. Kisha akaacha kumtazama mgonjwa, akanitazama mimi. "Huyu asiishi peke yake tena, mama. Safari ijayo mwenye baiskeli anaweza asipite."

Maneno hayo niliyabeba mpaka Kibaha kama faili lenye mhuri mwekundu. Dada alikubali kuja kukaa wiki mbili. Wiki hizo mbili zilikuwa zimefika mwaka na nusu wakati haya yanatokea.

Sasa, mtu unayempenda anaweza kukuchosha kwa kijiko. Hilo hawakutufundisha masomo ya jioni. Dada yangu anakoroga chai kama vile kuna kitu kimezama mle anakitafuta. Anakoroga, anakoroga, kisha anagonga ukingo wa kikombe mara tatu. Mara tatu, kila siku ya Mungu, hata chai isiyo na sukari. Nina hakika kule viwandani Zegereni kuna wafanyakazi waliokuwa wakiacha mashine zao wakidhani ni kengele ya kubadilisha zamu.

Halafu makopo. Kwa dada yangu kopo likishaisha kilichomo ndipo linaanza maisha. Unafungua kopo la aiskrimu, ndani mna sindano na nyuzi. Unafungua kopo la siagi, mna karafuu. Sijawahi kufungua kopo nyumbani kwangu nikakuta kilichoandikwa juu.

Halafu friji. Nilikuwa narudi nakuta maziwa yamekatika, samaki amelegea.

"Dada, nani amezima friji?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ipumzike. Tangu alfajiri inanguruma. Hata mashine ya kusaga kule kwetu huwa wanaizima mchana."

"Friji haipumzishwi, dada!"

"Ndiyo maana inalia."

Na kifuniko. Nina sufuria langu kubwa la shughuli, na kifuniko chake kinakaa juu ya kabati, upande wa kushoto. Dada alikitumia kufunika kila kitu isipokuwa sufuria lile. Kilifunika unga, kilifunika vifaranga, kilifunika ndoo ya maji ya kunawa. Siku moja nilikikuta kimefunika jiwe. Jiwe! Ni lile la kusugulia miguu, na aliponiona nimesimama mbele yake nimeshika kiuno, akanieleza kwa upole kwamba ameliosha, hataki liingie vumbi.

Haya yote ningeyaweza. Lililonishinda ni "nakuja".

Dada anainuka mkekani, anajifunga kanga, anaelekea mlangoni, mgongo umenigeukia, anasema, "Nakuja." Huyoo, ametoka. Unakujaje na unaondoka? Mwalimu wetu wa jioni, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alituandikia ubaoni kwamba kuja ni kusogea upande aliko msemaji au anayesemeshwa, na kwenda ni kusogea mbali. Nilinakili kwa wino mwekundu. Na hapa dada yangu wa damu anasogea mbali nami kwa miguu yake miwili huku akitangaza kwamba anasogea karibu.

Najua, mnasema wote. Nchi nzima inasema. Lakini nchi nzima haikai sebuleni kwangu. Na "nakuja" ya dada haikuwa na kipimo. Inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa mpaka adhuhuri. Mara nyingi alikuwa kwa jirani yetu wa nyuma, mama mmoja aliyehamia kutoka Kaskazini na ng'ombe wake watatu. Huko walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakiongea, na sijui waliongea nini, maana jirani yule alikuwa na habari za ng'ombe tu na dada hajawahi kufuga hata bata.

Siku ya kliniki ndiyo iliyoharibu. Niliomba ruhusa kazini, nikaamka mapema, nikavaa, nikaita bajaji. Kliniki ya presha inapokea watu asubuhi, ukichelewa unaambiwa urudi juma lijalo, na vidonge vya dada vilikuwa vinaelekea ukingoni. Saa moja na nusu bajaji iko getini. Dada naye yupo tayari, amejitanda, ananukia marashi.

"Nakuja," akasema.

Nikakaa kwenye kiti na pochi mapajani. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Dereva wa bajaji akachungulia: "Mama, nakuja mara moja." Akaondoka naye, na mpaka leo naandika haya hajarudi. Saa nne kasoro, dada akaingia kwa mlango wa nyuma ameshika kibuyu cha mtindi kwa mikono miwili, uso unameremeta.

"Yule ndama mdogo alikuwa hataki kunyonya," akasema. "Sasa ananyonya."

Sitaki kuandika yote niliyosema. Nilisema kuhusu kijiko, kuhusu friji, kuhusu jiwe. Nilisema mambo ya mwaka na nusu kwa pumzi moja. Dada akasimama na kibuyu chake. Mwisho nikamalizia na lile lenyewe: "Ukiondoka, dada, sema nakwenda! Kuja ni kufika! Mtu anayetoka haji!"

"Haya, mwalimu wa usiku," akasema. "Nimesikia."

Ningeachia hapo. Lakini mtu aliyeshika kalamu nyekundu haachii hapo. Kesho yake alfajiri, kabla ya kwenda kazini, nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: UKIONDOKA SEMA: NAKWENDA. UKIFIKA SEMA: NIMEKUJA. Nikaibandika ndani ya mlango wa mbele, usawa wa macho, nikacheka peke yangu, nikatoka. Nilidhani ni utani. Tena nilidhani ni utani mzuri.

Dada hajui kusoma. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Wakati wa shule yake, shule ilikuwa mbali. Wakati wa shule yangu, yeye ndiye aliyenisindikiza mpaka mlangoni na kurudi shambani. Nalijua, na bado nilibandika.

Niliporudi jioni nilijikwaa kwenye ndoo. Ndoo zote za nyumba zilikuwa zimepangwa ukumbini, zimejaa maji mpaka ukingoni. Sufuria zimejaa. Beseni limejaa. Hata jagi la wageni. Nikalowa viatu, nikasonya, nikajisemea, sasa hii nayo ni kero mpya, imetoka kiwandani leo.

Dada alikuwa amekaa jikoni. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akamimina chai, akatia sukari, akanywa. Hakukoroga. Nilisubiri kile kijiko, nikasubiri zile mara tatu, hazikuja. Alipomaliza, sukari yote ilibaki chini ya kikombe.

Asubuhi nilimkuta amefunga furushi. Redio yake ndogo juu, kanga zimeizunguka.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwa ajili ya jana? Ile karatasi ilikuwa utani tu, dada."

"Watu wamecheka, kwa hiyo ni utani." Akajitwika furushi. "Yule mama wa ng'ombe amecheka mpaka ameanguka kwenye ndoo. Sasa hivi kanisalimia dirishani, 'Mwanafunzi, umekuja au umekwenda?'"

Nilimwambia asubiri basi nimtafutie usafiri, nikamkumbusha daktari alisemaje. Nilikuwa natazama saa, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kazini, na hilo aliliona. Akafika mlangoni, kwenye karatasi yangu, akasimama. Akatamka vizuri kabisa, kama mtu anayesoma:

"Nakwenda."

Akaenda. Nimesahihisha watu miaka yote hii, na hiyo ni mara ya kwanza kupewa jibu sahihi nikatamani kulifuta.

Siku zilizofuata nyumba yangu ilikuwa na nidhamu ya kutisha. Friji ilinguruma mchana kutwa bila mtu kuihurumia. Vikombe vilinisubiri mezani. Kifuniko tu sikukiona juu ya kabati, nikadhani kipo mahali kinafunika jiwe, na sikuwa na nguvu ya kutafuta. Nilimpigia dada simu asubuhi na jioni, haipatikani. Huwa anaizima. Ipumzike.

Siku ya tatu au ya nne, ofisini, akaja mzee mmoja mstaafu dirishani kwangu. Alikuwa anafuatilia faili lake, kofia ameishika mkononi. Nikachukua jina lake kwenye kikaratasi, nikamwambia neno moja, nikaingia kwenye makabati ya nyuma. Huko nikaitwa na mkuu wangu, kutoka kwa mkuu nikakutana na mwenzangu wa chumba cha pili ananieleza habari ya harusi ya mtoto wake, kukawa na chai, kukawa na vitumbua. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta leso nikagusa kile kikaratasi. Nikakimbia dirishani. Mzee yuko palepale kwenye benchi, kofia juu ya goti.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekusahau kabisa. Kwa nini hukumwambia mtu mwingine akusaidie?"

Akanishangaa. "Si umesema unakuja?"

Nikamtazama. Ni kweli. Nilikuwa nimesema "nakuja, mzee", nikampa mgongo, nikaondoka. Na yule mzee wala hakuona kasoro ya sarufi. Aliposikia nakuja alielewa kwamba pale nilipokuwa nimesimama ni pangu bado, nimepaacha kidogo tu. Kwa hiyo akakaa.

Nilimpa faili lake. Jioni nilitembea kutoka barabarani mpaka nyumbani badala ya kuchukua bodaboda, na miguu iliuma kila hatua. Kila siku ya mwaka na nusu yule mwanamke alikuwa akisimama mlangoni na kuniambia kwamba anaondoka lakini hajaondoka. Mimi nikamfundisha tofauti.

Hata hivyo sikwenda Kisarawe kesho yake. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda. Nilisema nitakwenda mwisho wa juma, nikipumzika kwanza, nikifua kwanza. Kilichonipeleka ni siagi. Nilikuwa napaka mkate asubuhi, nikafungua kopo, na ndani, badala ya siagi, badala hata ya karafuu, mlikuwa na vidonge vya presha na kadi ya kliniki imekunjwa mara nne. Vidonge alivyobakiza vyote. Nilivihesabu nikiwa nimesimama, nikahesabu na siku tangu aondoke, na mkate nikauacha mezani. Nikakiona kile kichaka cha mihogo. Nikaiona baiskeli haipiti.

Sikupiga simu kuomba ruhusa. Niliiomba kwa ujumbe, na ujumbe wenyewe, nikiutazama sasa, una makosa manne.

Kutoka kwangu mpaka kwetu Kisarawe nilibadilisha magari mara tatu, na kila gari lilisimama kwa kila mtu aliyeinua mkono, na nadhani hata kwa waliokuwa wanajikuna. Nilifika jua liko utosini. Nikapanda kilima cha mikorosho cha kwetu nusu natembea nusu nakimbia, kopo la siagi nimelikumbatia kama mtoto. Niliisikia redio kabla sijaiona nyumba, nikapunguza mwendo. Kisha nikawaza, redio hulia hata kama mwenyewe ameanguka. Nikakimbia tena.

"Hodi! Hodi hapa! Dada!"

Alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, anamenya mihogo, miguu ameinyoosha mbele. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Akaninyanyulia macho, kisu hakijasimama.

"Umekuja au umekwenda?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jibu swali, mwalimu."

"Nimekuja," nikasema, nikakaa chini kwenye mchanga maana pumzi ilikuwa imekwisha. Nikafungua kopo, nikamwonyesha. Akatazama ndani.

"Kumbe viko humo," akasema. "Nimefungua makopo yote huku, nikadhani mwizi."

Nilikwenda kuchota maji kwenye mtungi wake ulioko barazani. Juu ya mtungi, kimekaa kama vile kilizaliwa pale, kilikuwa kifuniko cha sufuria langu la shughuli. Nilikishika, nikakirudisha. Nikampelekea maji, akameza kidonge mbele yangu, na nilikifuata kwa macho koo lote mpaka kikapotea.

"Una kizunguzungu?"

"Asubuhi tu. Nikiinama."

"Dada, twende nyumbani."

"Hapa ni nyumbani."

"Twende Pangani, basi."

"Ya Tanga?"

Sikucheka. Nilitaka, ila nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kicheko kilifika shingoni kikageuka kitu kingine, nikajifuta uso kwa ushungi. Nikamwambia ile karatasi nimeibandua. Nikamwambia nilikosa, mimi ndiye niliyekosa, yeye alisema sawa siku zote. Aliendelea kumenya.

"Nilidhani ni tangazo la maji," akasema.

"Nini?"

"Karatasi yako. Pale mtaani kwenu si huwa wanabandika karatasi maji yakitaka kukatika? Nikasema huyu ameiacha mlangoni nijue. Atarudi amechoka, akute hamna hata ya kuoga. Nikajaza ndoo zote. Nilipomaliza ndiyo nikamwita yule mama, nikamwambia hebu nisomee, yanakatika lini."

Nilikumbuka nilivyosonya. Nilikumbuka jagi la wageni. Mwanamke mwenye presha amebeba ndoo zote zile, moja moja, kutoka bombani mpaka ukumbini kwangu, kwa ajili ya sarufi.

Nadhani aliona uso wangu, na hakutaka nilie, kwa hiyo akanigombeza. "Halafu na wewe una kero zako, usijione. Unanizimia redio matangazo ya vifo hayajaisha. Mtu wangu anaweza kufa, akazikwa, akasahaulika, mimi sijui."

"Nisamehe."

"Chakula changu unakitia chumvi hujakionja."

"Haya."

"Na ukitaka kumsahihisha mtu unajikohoza kwanza, hm-hm, halafu unafumba macho. Kama unaomba dua."

"Mimi? Nafumba macho?"

"Unafumba. Hata sasa umefumba."

Nilikuwa nimefumba kweli. Nikayafungua, nikamkuta anatabasamu kwa upande mmoja, akiutazama muhogo. Akachemsha chai. Akaikoroga kama anatafuta pete ya ndoa ndani yake. Akagonga ukingo: moja, mbili, tatu. Nilidhani nitafurahi kuisikia ile sauti tena. Wallahi iliniingia kwenye jino.

Chai ilipokwisha akainuka taratibu, mkono mmoja ukutani, akajifunga kanga vizuri. Sikujua kama amekubali. Hakuwa amesema ndiyo, hakuwa amesema hapana. Akaelekea kichochoroni, mgongo umenigeukia.

"Nakuja," akasema.

Nikakaa kumsubiri. Saa nane. Saa nane na nusu. Magari ya kurudi hayangojei mtu, na mimi kesho nina masjala, na mkuu wangu ameshajibu ujumbe kwa alama ya kuuliza peke yake. Nilimenya mihogo iliyobaki. Nilifagia uwanja. Nilianza kukasirika, nikajikataza, nikakasirika. Saa tisa na robo akatokea na mama mmoja wa jirani, kumbe amekwenda kumkabidhi funguo na kumwonyesha kuku mmoja mmoja, tabia ya kila mmoja, yupi anapenda kulala wapi. Mkononi alikuwa na jogoo mmoja amefungwa miguu.

"Huyu twende naye," akasema. "Wa kumpelekea yule mama wa ng'ombe. Asije akasema nimerudi mikono mitupu."

Nikasimama haraka kabla hajabadili mawazo. Redio, furushi, jogoo, kopo la siagi. Tulishuka kile kilima polepole, yeye mbele mimi nyuma, nikiitazama miguu yake ilivyojaa kwenye kandambili, nikihesabu vivuli vya kupumzikia. Tulifika chini karibu na barabara. Gari lilikuwa linaonekana kule kwenye kona, limewasha taa, la mwisho au la kabla ya mwisho. Nikainua mkono.

"Kifuniko!" akasema dada.

"Kiache, dada! Kiache, nitanunua kingine!"

Lakini alikuwa ameshaniwekea jogoo mikononi, ameshageuka, ameshaanza kupanda, hatua moja baada ya nyingine, mkono mmoja gotini.

"Nakuja!"

Gari likasimama, likanisubiri kidogo, konda akagonga bati. Nikamwonyesha kwa kidevu aende. Nikaweka furushi pembeni mwa barabara, nikalikalia, jogoo mapajani, tukamsubiri.